Kibanja na Deni: Suala la Mkopo na Makazi katika Historia ya Bukoba na Muleba

Kada anayepelekwa kufanya kazi katika vijiji vya Bukoba au Muleba huambiwa mapema kwamba mkulima wa huko ana mali. Ana migomba, ana mibuni, mara nyingi ana nyumba ya bati. Lakini akikaa msimu mmoja tu huanza kuona jambo jingine. Huona kwamba kahawa iliyo juu ya mti si ya mwenye mti. Imekwisha kuuzwa tangu ilipokuwa maua. Huona pia kijana aliyefanya kazi miaka kumi kwa nia ya kununua kibanja chake mwenyewe, na kila mwaka fedha aliyoitenga hulipa deni la mwaka uliopita.

Wako wanaolieleza jambo hili kwa maneno mepesi. Husema mkulima hajui kupanga matumizi, anapenda sherehe, anakunywa. Maelezo hayo hayatusaidii, kwa sababu hayaelezi kwa nini hata mtu mwangalifu hunaswa. Makala hii yajaribu kutafuta jibu katika historia. Swali letu ni hili: katika Buhaya, ni nani katika kila kipindi aliyejaza pengo kati ya siku ya haja na siku ya mavuno, naye alidai nini kama malipo? Tukilijibu swali hilo tutaelewa kwa nini nyumba zilipatikana na kwa nini nyumba zilipotea.

1. Kibanja ni nini

Hapana budi kuanza na kitu chenyewe. Katika Buhaya, makazi hayatenganishwi na uzalishaji. Kibanja ni shamba la migomba na mibuni ambalo nyumba imesimama ndani yake. Maharage hupandwa chini ya migomba. Mbolea ya ng'ombe na nyasi za kutandaza hutoka rweya, yaani uwanda wa nyasi ulio nje ya makazi. Rutuba ya kibanja haikuletwa na mvua peke yake. Ni kazi ya vizazi vingi, iliyolimbikizwa ndani ya udongo. Makaburi ya wazee yamo humo humo.

Kwa hiyo mfanyakazi wa Dar es Salaam akipoteza nyumba kwa sababu ya deni, hupoteza mahali pa kulala, na pengine kazi yake hubaki. Mkulima wa Kamachumu au Kanyigo akipoteza kibanja hupoteza nyumba, chakula, zao la fedha na makaburi ya baba zake kwa siku moja. Ndiyo sababu ukoo ulijiwekea kinga. Kwa mila za Wahaya, ambazo Hans Cory na Hartnoll walizikusanya katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1945, ardhi ya ukoo ilitofautishwa na ardhi ambayo mtu aliinunua kwa jasho lake. Ardhi ya kununua mwenyewe aliweza kuitumia apendavyo. Ardhi ya ukoo ikiuzwa kwa mgeni bila idhini ya ndugu, ndugu waliweza kuikomboa kwa kurudisha fedha.

Kinga hiyo ilifaa katika jamii ambamo fedha ilikuwa haijatawala. Ilimzuia mdeni mmoja asiuze makazi ya wote. Lakini ilikuwa na upungufu mkubwa tutakaouona baadaye: haikumpa mdeni fedha aliyoihitaji, na haikumpa mwanamke ardhi.

2. Mwenye nchi na mpangaji wake

Tusiisifu jamii ya zamani kupita kiasi. Kabla ya Wajerumani kujenga kituo chao Bukoba mwaka 1890, Buhaya ilikuwa imekwisha kugawanyika kitabaka. Mukama aliweza kumpa ndugu yake au mtumishi wake mwaminifu eneo lenye watu tayari. Eneo hilo liliitwa nyarubanja. Aliyepewa aliitwa mtwazi. Waliokuwa wakiishi humo wakawa watwarwa, watu wa kutoa ushuru wa mazao na kazi ili waendelee kukaa katika vibanja walivyovilima wenyewe.

Ukoloni haukuuvunja mfumo huo. Uliutumia. Wajerumani, kisha Waingereza, walitawala kwa kupitia kwa watemi, na kahawa ilipoanza kuleta fedha, nyarubanja ikapata thamani mpya. Kahawa ya robusta haikuletwa na wageni. Wahaya waliitafuna na kuipa wageni kwa heshima tangu zamani. Kilichokuwa kipya ni soko la dunia. Mbuni uliokuwa wa heshima ukawa mti wa fedha, na wakubwa wakaona faida ya kudai haki juu ya vibanja vingi zaidi. Wako wakulima waliojikuta wamegeuzwa watwarwa bila kujua ni lini walikubali.

Hapa twaona aina ya kwanza ya deni: deni la kuzaliwa nalo. Mtwarwa hakukopa kitu. Alidaiwa kwa sababu tu alikuwa na makazi. Deni la namna hii halilipiki likaisha. Lilikoma kwa sheria: ile ya mwaka 1965 juu ya nyarubanja, na marekebisho ya mwaka 1968, ambayo yalimfanya mpangaji awe mwenye haki ya kibanja alicholima.

Fundisho la kwanza ni kwamba kuna madeni ambayo hayaondolewi kwa kubana matumizi. Mtwarwa angeweza kuacha pombe, akaacha sherehe, akafanya kazi usiku na mchana, bado angebaki mtwarwa. Deni lake lilitokana na mahusiano ya kumiliki ardhi, na lilihitaji mabadiliko ya mahusiano hayo.

3. Kodi, duka na maua ya kahawa

Aina ya pili ya deni ililetwa na fedha. Serikali ya kikoloni ilidai kodi, na kodi ilitakiwa kwa sarafu. Baadaye zikaja ada za shule, nguo, sukari, mabati. Mahitaji haya yote hayakufuata majira ya mbuni. Kahawa huanza kuvunwa Mei na kuendelea katika miezi ya kiangazi. Haja za nyumba huja mwaka mzima. Kati ya siku ya haja na siku ya mavuno pana pengo, na ndani ya pengo hilo ndipo mkopeshaji alipojenga duka lake.

Sheria ya kikoloni juu ya mikopo yafaa isomwe kwa makini na kila mwanafunzi wa historia. Kwa amri ya mwaka 1931 iliyozuia mikopo kwa wenyeji, mfanyabiashara asiye Mwafrika aliyemkopesha Mwafrika bila kibali cha maandishi cha serikali hakuweza kumdai mahakamani. Watawala walisema wanamlinda mwenyeji asizame katika madeni. Lakini tuangalie matokeo yake. Benki ilipata sababu ya kumfungia mlango mkulima. Kibanja chake hakikuwa na hati, kwa hiyo hakikuwa dhamana. Wakati huo huo haja ya fedha ilibaki pale pale. Mkopo haukufa, ulihama mahakamani ukaingia gizani, mahali ambapo mkopeshaji hujilinda kwa njia moja tu: kuchukua zao kabla halijaiva.

Njia hiyo ndiyo inayoitwa butura. Mnunuzi hupita kijijini wakati mibuni imechanua au punje zingali mbichi. Hutoa fedha taslimu, na mkulima huahidi mavuno ya miti kadhaa au magunia kadhaa. Hakuna neno riba linalotamkwa. Riba imefichwa ndani ya bei.

Tuchukue tarakimu za mfano tu. Mzazi ana haja ya Sh. 100,000 mwezi Januari shule zinapofunguliwa. Mnunuzi wa butura anampa fedha hiyo, naye anaahidi magunia mawili, yaani kila gunia kwa Sh. 50,000. Mwezi Julai gunia lauzwa Sh. 100,000. Mkulima ametoa mali ya Sh. 200,000 kwa mkopo wa Sh. 100,000 uliodumu miezi sita. Angekopa penye riba ya asilimia 2 kwa mwezi, angelipa Sh. 112,000. Tofauti ya Sh. 88,000 imekwenda kwa mtu ambaye hakupalilia hata shina moja.

Lakini unyonyaji mkubwa hauko katika mwaka wa kwanza. Sehemu ya mavuno ikishakwenda, fedha inayobaki haifiki Januari nyingine. Haja ya mwaka wa pili yawa kubwa kuliko ya mwaka wa kwanza, na maua yanayouzwa yawa mengi zaidi. Mwishowe mibuni haitoshi, ndipo kibanja chenyewe kinapowekwa rehani. Kwa hiyo si kweli kwamba kibanja hupotea siku mkataba wa kuuza unapotiwa dole gumba. Kilianza kupotea miaka mingi nyuma, siku debe la kwanza la maua lilipouzwa.

4. Wanawake walionunua

Katika kipindi hicho hicho kundi moja la watu wa Buhaya lilipata makazi kwa njia nyingine kabisa, nalo lastahili kutajwa kwa heshima. Mila haikumpa binti haki kamili ya ardhi ya ukoo. Mjane alikaa kwa hisani, na mke aliyeachwa alirudi kwa kaka zake mikono mitupu. Kati ya vita viwili vya dunia na baada yake, wanawake wengi kutoka Bukoba walikwenda Kampala, Nairobi, Mombasa na miji mingine. Maisha yao huko yalikuwa magumu, na kazi waliyoifanya wengi wao ililaumiwa sana na wamisionari, na watemi, na wanaume wa kwao. Lakini fedha walizoweka akiba walirudi nazo na kununua vibanja.

Wachambuzi wengi walilichukulia jambo hili kama suala la maadili tu. Sisi tuliangalie pia kama suala la ardhi na mkopo. Mwanamke huyo hakuwa na ukoo wa kumdhamini, hakuwa na benki, wala hakuwa na mbuni wa kuuza maua yake. Alikuwa na akiba. Na kwa kuwa kibanja alikinunua, hakikuwa cha ukoo, kilikuwa chake. Wanawake hao walionyesha kwamba kwa mtu aliyefungiwa kila mlango, makazi yaliweza kupatikana kwa akiba bila deni, ingawa kwa gharama ambayo hakuna binadamu anayepaswa kuilipa.

Suala hilo halikwisha na Uhuru. Kanuni za mila zilizotangazwa mwaka 1963 ziliendelea kumzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi. Mwaka 1988 mama mmoja wa Muleba, aliyerithi ardhi kwa wosia wa baba yake, aliona anazeeka bila mtu wa kumtunza. Akauza ardhi hiyo kwa Sh. 300,000 kwa mtu wa nje ya ukoo. Mtoto wa ndugu yake akamshtaki. Mahakama ya Mwanzo ikasema mauzo ni batili. Mahakama ya Wilaya ikasema ni halali. Na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akaamua kwamba kanuni iliyomruhusu mwanamume na kumkataza mwanamke ni ubaguzi unaopingana na haki za binadamu zilizomo katika Katiba. Toka hapo mwanamke akawa na haki ya kuuza kwa masharti yale yale ya mwanamume. Ukoo uliotaka ardhi ulibaki na njia ile ile ya zamani: kurudisha fedha.

Tuutazame uamuzi huo kwa pande zote mbili. Ulimkomboa mama yule kutoka katika ubaguzi. Lakini tujiulize kwa nini alilazimika kuuza. Aliuza kwa sababu hapakuwa na chombo chochote kijijini ambacho kingemsaidia uzeeni bila kumtoa katika ardhi yake. Haki ya kuuza ni haki. Kulazimika kuuza ni jambo jingine.

5. Ushirika na nusu ya kazi iliyobaki

Tufike sasa kwenye ushirika, kwa sababu huo ndio uliokuwa jibu kubwa la wakulima wenyewe. Sheria ya vyama vya ushirika ilipitishwa Tanganyika mwaka 1932. Mwaka 1937 wakulima wa Bukoba walipinga kwa nguvu kanuni za kahawa zilizoingiza wakaguzi ndani ya vibanja vyao, jambo lililoonyesha kwamba hawakuwa watu wa kukubali kila amri. Mwaka 1950 chama kikuu cha ushirika cha Bukoba kikaanzishwa, na vyama vya msingi vikaenea vijijini. Mchuuzi aliyepunja mizani akapata mpinzani. Mkulima akapata malipo ya kwanza na, soko likiwa zuri, malipo ya pili. Malipo ya pili yalijenga nyumba nyingi za bati katika nchi ile, kwa sababu yalikuja kama fungu moja, nje ya fedha ya kula.

Hata hivyo tulinganishe na nchi nyingine. Ujerumani, mwaka 1864, Friedrich Raiffeisen alianzisha chama cha mikopo huko Heddesdorf ili wakulima wakopeshane wenyewe na kuepukana na wakopeshaji wa riba. India, sheria ya kwanza ya ushirika, ya mwaka 1904, ilihusu vyama vya mikopo, kwa kuwa mkulima wa huko alikuwa amekabwa koo na mkopeshaji wa kijiji. Kwao ushirika ulianzia kwenye mkopo. Kwetu ushirika ulianzia kwenye mizani ya kuuzia. Ulimngoja mkulima mwezi Juni. Mwezi Januari, alipokuwa na haja, haukuwapo.

Baada ya Uhuru juhudi zilifanyika. Vyombo vya mikopo ya kilimo viliundwa, ikiwamo Benki ya Maendeleo Vijijini mwaka 1971. Lakini mikopo hiyo ilielekezwa hasa kwenye pembejeo na miradi: mbolea, dawa, mashine. Ilikuwa sahihi kukopesha uzalishaji. Lakini mkulima aliyepewa mbolea kwa mkopo, huku mtoto wake akirudishwa kutoka shule, aliuza maua. Mara nyingine aliuza na mbolea pia.

Kisha mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na mashirika ya mazao yakanunua moja kwa moja kutoka vijijini. Tukubali kwa uwazi kwamba hatua hiyo iliwaumiza wakulima. Malipo yalichelewa. Na kila mwezi wa kuchelewa ulikuwa zawadi kwa mlanguzi, kwa sababu mkulima mwenye stakabadhi mkononi bila fedha hana tofauti kubwa na mkulima mwenye maua mtini. Vyama vikuu vilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, lakini mwaka 1989 makubaliano ya dunia ya kugawana soko la kahawa yalivunjika na bei ikaporomoka. Katikati ya miaka ya 1990 biashara ya kahawa ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Butura ikapata nguvu mpya. Mwaka 2018 Serikali iliipiga marufuku na kuagiza kahawa ipitie vyama vya msingi. Marufuku yaweza kumwondoa mnunuzi wa butura barabarani. Haiwezi kuiondoa Januari katika kalenda. Pengo lisipojazwa na chombo cha wakulima, litajazwa usiku na mtu mwingine.

6. Nyumba kwa mkopo

Yaliyosemwa juu ya kahawa yatusaidia kuelewa pia mkopo wa nyumba. Benki ya Nyumba Tanzania ilianza kazi mwaka 1973 na ikafa mwaka 1995. Ilitoa mikopo mijini na ilijaribu pia vijijini, lakini mkopo wa nyumba hudai hati na kipato cha kila mwezi, vitu ambavyo mwalimu wa mjini Bukoba aliweza kuvionyesha na mkulima wa Nshamba hakuweza.

Mwalimu Nyerere aliligusa suala la dhamana ya ardhi mapema, katika maandishi yake ya mwaka 1958 juu ya mali ya taifa. Alipinga ardhi kufanywa bidhaa, akiona kwamba katika nchi maskini wachache wenye fedha wangeinunua na walio wengi wangekuwa wapangaji. Sheria za ardhi za mwaka 1999 ziliweka msimamo wa kati. Ardhi ilibaki ya umma chini ya dhamana ya Rais, lakini mwanakijiji aliweza kupata hati ya hakimiliki ya kimila, na hati yaweza kutumika kama dhamana. Wengi walifurahi kwamba sasa kibanja kitaweza kukopa.

Furaha hiyo ina msingi, lakini tuikumbuke hoja ya Friedrich Engels ya mwaka 1872 katika makala zake juu ya makazi. Alionyesha kwamba mfanyakazi aliyenunua kijumba kwa deni hakuwa huru kwa kuwa na kijumba hicho. Alifungwa mahali pamoja, akakubali ujira mdogo asije akapoteza alichokwisha lipia. Hati ya kibanja ina nguvu mbili: humlinda mwenye ardhi dhidi ya mvamizi, na humfungulia mkopeshaji mlango ambao mila ilikuwa imeufunga. Ni nguvu ipi itakayotawala, hilo hutegemea mkopo ni wa nini na riba ni kiasi gani.

Siku hizi mwalimu, muuguzi na mchuuzi wa soko la Bukoba hukutana na mikopo ambayo wananchi wenyewe wameibandika jina la kausha damu. Jina hilo ni uchambuzi tosha. Mtu akiambiwa riba ni asilimia 10 kwa mwezi juu ya mkopo wote, huona 10 ni ndogo. Azidishe kwa miezi 12: ni asilimia 120 kwa mwaka. Mshahara au biashara yoyote ya kawaida haikui kwa kasi hiyo. Mtu mwenye deni la namna hiyo, naye aweka akiba ya kununua kiwanja, anajaza mtungi uliotoboka.

Na tusisahau Septemba 10, 2016. Siku hiyo tetemeko la ardhi la ukubwa wa 5.9 lilipiga Kagera, watu wasiopungua 17 wakafa na maelfu ya nyumba yakaharibika. Ukuta ulianguka, lakini deni lililojenga ukuta halikuanguka. Aliyekuwa amejenga kwa akiba alibaki na hasara moja. Aliyekuwa amejenga kwa mkopo usio na bima alibaki na mbili.

7. Yatupasayo kufanya

Historia hii yatufundisha mambo ambayo kada aweza kuyaeleza barazani bila kutumia neno gumu hata moja.

Kwanza, tutenganishe madeni. Kuna deni la kula, deni la kuzalisha na deni la kujenga. Deni la kuzalisha hulipwa na kile lilichozalisha. Deni la kujenga lapaswa kulipwa polepole kutoka katika ziada. Deni la kula halina cha kulilipa isipokuwa mavuno ya kesho, ndiyo maana ndilo hatari kuliko yote. Kibanja kisiwekwe rehani kamwe kwa deni la kula.

Pili, anayetaka kununua makazi aanze kwa kulipa deni lenye riba kubwa, hata kama kiwanja kizuri kinauzwa leo. Ahesabu deni lake kwa magunia, si kwa shilingi tu. Hapo ndipo butura huonekana uso wake. Mtumishi wa serikali akumbuke kwamba kanuni humwachia theluthi moja ya mshahara wake baada ya makato yote, na kwamba theluthi hiyo ni ya kula. Haiwezi tena kujenga nyumba.

Tatu, ununuzi uwe wa wazi. Mnunuzi aulize kibanja ni cha ukoo au kimenunuliwa. Ndugu, majirani na serikali ya kijiji washuhudie, na maandishi yawepo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 zinataka nyumba ya ndoa isiuzwe wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi. Kada aliyekaa kimya huku mume akiweka dole gumba peke yake ameshiriki kumtoa mke na watoto nje.

Nne, na hili ndilo kubwa, tumalize nusu ya kazi ya ushirika. Kila chama cha msingi kinachopima kahawa mwezi Juni kiwe na mfuko wa akiba na mikopo unaofungua mlango mwezi Januari. Mfuko huo uanze na makato madogo ya kila kilo wakati wa mauzo, ukopeshe ada na matibabu kwa riba nafuu, na hesabu zake zisomwe mbele ya wanachama wote, wake kwa waume. Tusijidanganye kwamba hili ni jepesi. Ushirika wetu umewahi kuibiwa na viongozi wake wenyewe, na mkulima aliyeibiwa mara moja hukumbuka. Atakayemwomba aweke akiba hapana budi amwonyeshe daftari kwanza.

Mtwarwa wa nyarubanja alikombolewa na sheria. Mama wa Muleba alikombolewa na mahakama. Mkulima anayeuza maua hawezi kukombolewa na sheria peke yake wala na mahakama peke yake, kwa sababu hakuna aliyemlazimisha ila haja. Haja yake ina tarehe, inajulikana, hurudi kila mwaka. Ikiwa sisi, tunaoijua tarehe hiyo, hatutakuwa tumejiandaa inapofika, basi tusimlaumu mkulima kwa kumfungulia mlango yule aliyejiandaa.